Ajira ya benki Dodoma au mafunzo tarajali kwa dalali wa hisa Dar es Salaam: kwa anayelenga benki ya uwekezaji, ipi itangulie?

Binti wa Mpunguzi

Shikamooni wakubwa zangu, nanyi wa rika langu habari za majukumu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Biashara katika Fedha, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimebakiza mitihani ya muhula huu wa mwisho, na GPA yangu hadi sasa ni 4.1. Tangu mwaka wa pili, tulipofundishwa namna thamani ya kampuni inavyokadiriwa na namna hisa zinavyouzwa kwa umma katika soko la awali, nimekuwa na nia ya kufanya kazi ya benki ya uwekezaji, yaani kuzisaidia kampuni, taasisi na Serikali kupata mtaji kwa njia ya hisa, hatifungani (hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji) na mikopo mikubwa, na kuzishauri zinapouzwa au kuungana.

Nimepata nafasi mbili na natakiwa kujibu kabla ya wiki hii kwisha. Ya kwanza ni ya benki ya biashara iliyo hapa mjini, ambako nitakuwa afisa wa mikopo midogo kwa mkataba wa mwaka mmoja na mshahara wa shilingi 700,000 kwa mwezi. Ya pili ni mafunzo tarajali ya miezi sita kwa dalali wa hisa aliyeko Dar es Salaam, ambaye pia hutoa ushauri wa uwekezaji. Atanilipa posho ya nauli na chakula ya shilingi 150,000 kwa mwezi, bila ahadi ya ajira baadaye, nami nitakaa kwa shangazi yangu Mbagala.

Baba ni mwalimu mstaafu, mama anauza zabibu kando ya barabara ya Iringa, na mdogo wangu yuko kidato cha tano. Mama hajanikataza jambo lolote, ila ameniambia mkono mtupu haulambwi, na ninamwelewa. Wenzangu wawili wananiambia kwamba bila kwenda London au New York nitakuwa najidanganya, na mwingine anasema nianze mitihani ya CFA, ile ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji, kabla ya kazi yoyote. Naomba ushauri wa waliopita njia hii au waliokaa karibu nayo.

Mzee wa Mizania

Marahaba binti. Nimefanya kazi ya uchambuzi wa mikopo kwa miaka kumi na tisa, mingi Dar es Salaam na hii ya karibuni hapa Dodoma, kwa hiyo nitajibu kwa kile nilichokishika kwa mikono yangu.

Kwanza tuliweke sawa jina, kwa sababu jina hili limewapotezea vijana wengi muda. Ukizunguka Tanzania nzima ukitafuta kibao kilichoandikwa benki ya uwekezaji kama zile za New York, utachoka. Hata TIB, iliyoanzishwa mwaka 1970 na ambayo wazee tuliizoea kwa jina la Benki ya Rasilimali, kazi yake ilikuwa kutoa mikopo ya maendeleo ya muda mrefu, haikuwa hii unayoisoma darasani. Lakini kazi yenyewe ipo, na inafanyika kila mwaka. Imegawanyika tu mikononi mwa watu mbalimbali. Sehemu yake iko kwa madalali na washauri wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, sehemu iko katika idara za wateja wakubwa za benki za biashara, na sehemu iko kwa maofisa wa Wizara ya Fedha wanaosimamia deni la Serikali, ambao uko nao mji mmoja.

Treni unayoipanda kwenda Dar es Salaam ni mfano wa karibu kuliko wowote. Februari 2020 Standard Chartered ilisaini na Wizara ya Fedha mkopo wa dola za Marekani bilioni 1.46 wa kujenga reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora, mkopo ambao sehemu yake kubwa ilibebwa na taasisi za dhamana za mauzo ya nje za Denmark na Uswidi. Mtu fulani alikaa akapanga nani atoe kiasi gani, kwa muda gani, nani abebe hasara mradi ukikwama, na masharti hayo yote yakaandikwa neno kwa neno. Kazi hiyo ndiyo benki ya uwekezaji, ingawa mlangoni pameandikwa benki ya biashara.

Mfano wa pili uliangalie kwa makini zaidi, kwa sababu ukubwa wake unaweza kuushika. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ya miradi ya kulinda mazingira, ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa kila baada ya miezi sita, na ikapata shilingi bilioni 53.12 za kujenga miundombinu ya maji. Kabla mwekezaji hajatoa shilingi yake, lazima mtu amwoneshe kwamba bili za maji za wakazi wa Tanga zitatosha kulipa riba na mtaji, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Anayeandika hesabu hiyo ndani ya waraka wa matarajio, yaani ule anaopewa mwekezaji kabla ya kununua, anafanya kazi unayoitaka.

Sasa nije kwenye swali lako. Mimi nilianza kazi kwenye kampuni moja yenye jina kubwa na ofisi nzuri, na kwa miaka miwili niliandaa majedwali ya wateja ambayo hakuna mtu aliyeyafungua kuyakagua. Niliamini najua kazi. Siku nilipohamia kwingine, mkuu wangu mpya alichukua jedwali langu la kwanza, akaweka kidole kwenye safu ya mtiririko wa fedha, akaniuliza kwa nini ongezeko la madeni ya wateja nimelijumlisha badala ya kulitoa. Sikuwa na jibu. Mteja akiuza kwa mkopo, mauzo yanapanda kwenye vitabu lakini fedha haijaingia, na mimi nilikuwa nimelikosea jambo hilo kwa miaka miwili, kampuni baada ya kampuni, bila mtu kunionesha. Miaka hiyo sikuipata tena.

Kwa hiyo usichague kati ya benki na dalali. Chagua meza yenye mtu atakayesoma kazi yako mstari kwa mstari na kukurudishia. Piga simu pande zote mbili kabla hujajibu. Muulize dalali nani atakuwa msimamizi wako, kama mtu huyo mwenyewe huandaa tathmini za kampuni na nyaraka za matarajio, na kama utaruhusiwa kukaa karibu naye zinapoandaliwa, kwa sababu zipo ofisi ambako mtarajali hujaza fomu za kufungulia wateja akaunti tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Waulize benki kama afisa wa mikopo midogo anaweza kuhamia uchambuzi wa mikopo ya kampuni, baada ya muda gani, na nani amewahi kufanya hivyo katika tawi hilo.

Na wakati unasubiri majibu, chukua hatifungani ile ya Tanga, upige hesabu ya riba ya miezi sita, kisha uniambie ingehitaji bili za kaya ngapi kuilipa, tukichukulia kwa ajili ya zoezi tu kwamba kila kaya inalipa shilingi 25,000 kwa mwezi. Weka jibu lako hapa hapa.

Dada wa Kisasa

Mdogo wangu, ninamheshimu Mzee na aliyoyasema ni ya kweli, lakini yeye anazungumza akiwa amekwishavuka. Mimi nilimaliza chuo nikiwa na mkopo wa elimu ya juu na wadogo wawili nyuma yangu, kwa hiyo naomba tuzungumze fedha waziwazi.

Katika hiyo 700,000, mfuko wa hifadhi ya jamii utachukua asilimia 10, ambayo ni 70,000. Kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo, marejesho ni asilimia 15, ambayo ni 105,000. Kodi ya mapato itakuwa karibu 42,000. Mkononi utabaki na kama laki nne na elfu themanini, ukiwa unaishi nyumbani bila kulipa pango. Hiyo ni fedha inayoweza kumlipia mdogo wako mahitaji ya shule na bado ukaweka akiba ya mitihani yoyote ya kitaaluma utakayoamua. Upande wa pili, 150,000 kwa mtu anayepanda daladala kutoka Mbagala kwenda katikati ya mji siku tano kwa wiki na kula mchana nje ni fedha inayoishia njiani. Shangazi atakulaza na kukulisha usiku, lakini usifikiri utamtumia mama chochote.

Mikopo midogo pia si kazi ya kudharau. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nakwenda Soko la Majengo kuhesabu magunia ya muuza nafaka aliyetuambia ana mzigo wa shilingi milioni thelathini. Tulipomaliza kuhesabu ulikuwa wa milioni kumi na moja, na mengine aliyotuonesha yalikuwa ya jirani yake. Mtu aliyejifunza kutoamini karatasi mpaka ahesabu magunia ataisoma mizania ya kampuni kubwa kwa jicho jingine kabisa. Leo niko kwenye mikopo ya kampuni, na ilinichukua miaka mitatu kufika.

Ushauri wangu: chukua ajira. Jisajili NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, maana mitihani yake ya CPA, ya uhasibu wa kitaaluma, hufanyika Mei na Novemba na inaweza kusomwa ukiwa kazini, na mtihani mmoja wa kuripoti taarifa za fedha utakufundisha mengi yatakayokufaa kwenye meza yoyote.

Mwanafunzi Chimwaga

Mimi ni wa mwaka wa pili, kwa hiyo sina ushauri mkubwa. Nataka kusema tu kwamba shindano la uwekezaji la wanafunzi linaloendeshwa na Soko la Hisa la Dar es Salaam lilinisaidia kuona tofauti ya bei na thamani kuliko mihadhara, na dada kama hujashiriki, bado unaweza kuanza kununua hisa chache halisi kwa simu. Nami nafuatilia uzi huu kwa sababu swali hili litanifikia mwakani.

Mgogo Ughaibuni

Habari za huko nyumbani. Nilisoma shahada ya pili Uingereza na nikafanya kazi London miaka minne katika benki kubwa, kwa hiyo nitagusa sehemu ile ya wenzako wanaosema bila London unajidanganya.

Wanachokisema hakina msingi, ila kina sababu. Mabenki makubwa ya London na New York huchukua vijana wao kupitia mafunzo ya majira ya joto ya wiki kama kumi, na maombi ya mafunzo hayo hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla. Anayemaliza chuo Dodoma mwezi wa saba akaanza kutuma maombi mwezi wa nane amechelewa kwa utaratibu wao, hata awe na akili kiasi gani, na kosa hilo si lake kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mlango wa kawaida kwa mtu wa kwetu ni shahada ya pili huko huko, na mlango huo una masharti. Ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza, kwa mfano, unadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambazo ni sawa na miaka miwili hivi, na baada ya masomo ni lazima urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Saa hizo zinaweza kutokana na ajira au mafunzo tarajali, yawe ya malipo au ya kujitolea. Hivyo njia zote mbili ulizo nazo zinahesabika, mradi utunze barua na mikataba yako tangu siku ya kwanza.

Ujue pia unachokitamani. Vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili hufanya kazi hadi usiku wa manane, na mwaka 2024 benki kubwa ya Marekani, JPMorgan, ilipoweka ukomo wa saa 80 kwa wiki kwa vijana wake katika hali nyingi, ilihesabika kuwa nafuu. Nililala ofisini mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na mwili wangu ulinidai baadaye. Wenzangu wengi walikuwa wamekwisha kuahidiwa kazi kwenye mifuko ya uwekezaji kabla hata hawajazoea kiti chao, hadi mwaka 2025 JPMorgan ikawatangazia wanaoingia kwamba atakayekubali kazi nyingine ndani ya miezi 18 ya mwanzo ataondolewa. Nakuambia hayo ili uone kwamba huko nako watu wanachagua mapema mno, wakiwa hawajui kazi, na wengi wanajuta.

Kuhusu CFA, ngazi ya kwanza unaruhusiwa kuifanya ukiwa umebakiza miezi isiyozidi 23 kumaliza shahada, kwa hiyo wewe unafaa tayari. Ina maswali 180, na wanaopanga vizuri hutenga kama saa 300 za kusoma. Ila ngazi zote tatu hazikupi cheti bila saa 4,000 za kazi inayohusika katika muda usiopungua miezi 36, kwa hiyo anayekuambia ufanye mitihani kwanza na kazi baadaye amegeuza mambo. Ningekuwa wewe ningeanza kazi, nione kama hesabu hizi zinanikalia moyoni, ndipo nilipe ada ya mtihani.

Kwa Dada wa Kisasa: ile habari ya magunia ningependa kila mchambuzi wa London aisikie.

Binti wa Mpunguzi

Nawashukuru sana nyote. Nimepiga simu kama Mzee alivyoniagiza.

Benki wamenijibu kwa ukarimu lakini kwa uwazi: kuhamia mikopo ya kampuni hakuwezekani kabla ya kuthibitishwa kazini, na idara hiyo iko makao makuu Dar es Salaam. Nilipouliza nani katika tawi amewahi kuhama, meneja alifikiri kidogo akasema hakumbuki. Kwa dalali nilipewa niongee na yule atakayenisimamia. Ni mama mmoja ambaye aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi, na akaniambia mwezi wa kwanza nitakuwa kaunta nikifungua akaunti za wateja, kisha siku tatu kwa wiki nitakuwa mezani kwake kwenye tathmini za kampuni. Aliongeza kwamba kila nitakachoandika atakirudisha kikiwa na wino mwekundu, na kama sipendi wino mwekundu nisije. Hapo ndipo moyo wangu uliponielekeza.

Nimekaa mezani na mama tukaipitia hesabu ya Dada wa Kisasa. Nina akiba ndogo kutokana na kufundisha masomo ya ziada, na baba amekubali kubeba mahitaji ya mdogo wangu kwa miezi sita, si zaidi. Kwa hiyo nimewaandikia benki kuwashukuru, nami nitasafiri wiki ya kwanza baada ya mitihani.

Zoezi la Mzee nimelifanya hivi. Asilimia 13.5 ya shilingi bilioni 53.12 ni bilioni 7.1712 kwa mwaka, kwa hiyo kila miezi sita ni bilioni 3.5856, ambayo ni shilingi milioni 597.6 kwa mwezi. Nikigawa kwa 25,000 napata kaya 23,904.

Mzee wa Mizania

Hongera kwa uamuzi, na umsalimie mama. Hesabu ya riba umeipata sawasawa hadi desimali ya mwisho. Kaya 23,904 ndizo zenye tatizo.

Umechukulia kwamba shilingi 25,000 yote ya kila kaya inakwenda kwa mwenye hatifungani. Umeme wa pampu unalipwa na nani? Dawa za kusafishia maji, mishahara, mabomba yanayopasuka? Tuseme, na hizi ni namba za zoezi tu, si za mamlaka yenyewe, kwamba katika kila 25,000 kuna 17,500 ya uendeshaji. Inabaki 7,500, na ukigawa milioni 597.6 kwa 7,500 unapata kaya 79,680, zaidi ya mara tatu ya jibu lako.

Kisha kuna wasiolipa bili. Tuseme wanaolipa ni tisini katika kila mia. Wengi hapa hukosea kwa kupunguza kila kitu kwa asilimia kumi, lakini gharama ya kusukuma maji haipungui kwa sababu jirani hakulipa. Makusanyo kwa kaya yanakuwa wastani wa 22,500, gharama inabaki 17,500 ile ile, na kinachosalia ni 5,000. Sasa unahitaji kaya 119,520. Upungufu wa asilimia kumi kwenye makusanyo umeongeza mahitaji ya kaya kwa nusu nzima.

Na bado hujagusa mtaji wa bilioni 53.12 wenyewe, ambao lazima urudishwe ndani ya miaka 10. Ongeza safu yake, uchague mwenyewe kama utarejeshwa kidogo kidogo au wote mwishoni, uandike chini yake kwa nini umechagua hivyo, kisha ukiweke hapa kabla hujapanda treni.